Ukoo wa Bibi: Wandsworth imegeuka

Ijumaa, 6 Mei 2022

Shangazi London: Assalamu alaykum. Sijalala! Halmashauri yetu ya Wandsworth, huku London, imegeuka, chama cha Labour kimewatoa Conservative. Labour madiwani 35, Conservative 22, na mmoja wa kujitegemea.

Ami: Waalaykum salaam. Si ndiyo uliyosema haiwatoki Conservative?

Shangazi London: Ndiyo hiyo kaka. Waliishika tangu 1978, Thatcher hajawa waziri mkuu. Na Westminster, halmashauri nyingine ya London, pia imekwenda! Ile Labour hawajawahi kuishika tangu iundwe.

Binamu: Barnet pia nimeona.

Bibi (namwandikia, anasema): Wewe ulipiga kura? Si mgeni huko?

Shangazi London: Nilipiga, mama. Mkenya mwenye kibali cha kuishi huku anapiga kura ya madiwani, hata ya wabunge, kwa sababu tumo Jumuiya ya Madola. Sharti ujiandikishe tu. Wenzetu wengi hawajui, inaniuma.

Ami: Tuonyeshe kidole basi.

Shangazi London: Hakuna wino. Hata kitambulisho sikuulizwa. Nilitaja jina na anwani, karani akaweka rula kwenye orodha, akapiga mstari, akanipa karatasi. Kibandani kuna penseli imefungwa uzi. Wadi yetu ina viti vitatu, nikatia alama tatu.

Binamu: Penseli?? Si itafutwa?

Shangazi London: Ukitaka unakwenda na kalamu yako. Mimi nilikwenda na yangu.

Ami: Na gavana ni nani sasa?

Shangazi London: Huku kwetu hakuna. Madiwani wako 58, chama kikifikisha 30 kimeshika, na wao ndio wanamchagua kiongozi. Kodi ya halmashauri hapa ni ya chini mno, ndiyo iliyowaweka Conservative miaka yote, na Labour wameahidi itabaki ya chini. Lakini mimi nilikwenda kwa ajili ya nyumba. Jirani yangu analala chumba kimoja na watoto watatu, mdogo analala kwenye droo ya kabati ameitandika shuka. Mshahara wote unaishia kwa mwenye nyumba. Hawa wapya wamesema watajenga nyumba za halmashauri. Nitawafuata mlangoni mpaka wajenge.

Bibi: Mungu awasimamie. Huyo mtoto anaitwa nani nimwombee?

Shangazi London: Nitamuuliza mamake, mama. Na nyinyi huko Kenya, uchaguzi wa 9 Agosti unakuja. Mmehakikisha majina kwenye sajili?

Ami: Mimi tayari.

Binamu: Bado shangazi. Naenda leo baada ya swala.