Chewa wa Mkondo wa Pemba: mshipi, dema au kurambaza?

Muulizaji, Wesha
Assalamu alaikum ndugu zangu. Nina ngalawa ndogo isiyo na mashine, nayo hunifikisha kwenye ukingo wa miamba ya magharibi ya Pemba, pale kina kinaposhuka ghafla kuelekea Mkondo, yaani bahari iliyo kati ya Pemba na bara. Fedha niliyonayo inatosha ama kusukiwa madema (mitego ya samaki) manne, ama kununua mishipi (kamba za kuvulia), ndoana na chubwi (uzito wa kuzamisha mshipi), na samaki ninayemtaka hasa ni chewa. Naomba mnilinganishie, na kama kurambaza, yaani kuburuta chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, kunafaa, mnieleze.

Mwanachama, Kojani
Wa alaikum salaam. Kurambaza waachie wanaotafuta nguru na kolekole, kwa sababu chewa hafuati chambo kinachokimbia juu ya maji. Yeye hujibanza pangoni na kumrukia samaki apitaye mlangoni. Mimi nachagua mshipi, ila ushindi wake uko katika kuchagua siku. Wakati wa bamvua, yaani siku za kujaa na kupwa kukubwa, maji hukimbia mno, chubwi haitulii, na mshipi hulala mbali na mwamba uliokusudia. Nenda maji mafu, yaani siku ya 8 au 9 na ya 22 au 23 ya mwezi mwandamo, kisha utupe pale maji yanaposimama kati ya kujaa na kupwa. Kibua aliye hai ni bora kuliko kipande cha ngisi. Chewa akishika, mwinue papo hapo pima mbili tatu (pima ni upana wa mikono miwili iliyonyooshwa) bila kumlegezea, kwani akiwahi pangoni hutanua mashavu yake akajikaza, na hapo utakata mshipi.

Mwanachama, Mkoani
Mwenzangu amesema kweli kuhusu maji, lakini dema lisidharauliwe. Linavua usiku kucha wewe ukiwa nyumbani, na hata chewa asipoingia, tafi na changu watakulipa. Tatizo ni kwamba ukingoni kina ni kikubwa na mkondo hulisogeza, kwa hiyo yangu nayatega ndani, kwenye maji ya pima chache, ambako chewa ni wadogo. Ukichagua dema, chagua la kusukwa na si la waya, kwa kuwa la waya likipotea huendelea kuua samaki muda mrefu bila faida kwa yeyote.

Muulizaji, Wesha
Nashukuru sana. Nikipata chewa mdogo kwa mshipi, nikimrudisha ataishi?

Mwanachama, Kojani
Akitoka kina kirefu, mara nyingi hapana. Hewa iliyo tumboni mwake hutanuka anapopanda, utamwona utumbo umemtokeza mdomoni, naye huelea asiweze kuzama. Kwa hiyo tumia ndoana kubwa na chambo kikubwa tangu mwanzo, na ukiona wadogo wanafuatana, hama mwamba. Jambo hili linanigusa sana, kwa sababu chewa wengi huzaliwa majike na baadhi yao hugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Tukiwamaliza wakubwa na kuwapoteza wadogo, hakuna atakayebaki kuzaliana. Kumbuka pia kwamba ukingo huo uko ndani ya Hifadhi ya Mkondo wa Pemba, na pale kisiwani Misali kuna sehemu isiyovuliwa kabisa. Waulize wenyeji mipaka kabla ya kutia nanga.

Muulizaji, Wesha
Basi nitanunua mishipi miwili minene, na fedha itakayobaki nitasukiwa dema moja la kutega ndani kwa ajili ya siku za bamvua.

Mwanachama, Mkoani
Ni uamuzi mzuri. Dema hilo litie jiwe zito kila upande, na boya lifungwe kwa kamba ndefu kuliko kina cha maji kujaa.