Kratom: ipigwe marufuku, au iachwe kwa masharti?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Kratom ni majani ya mti wa Kusini-Mashariki mwa Asia, wa ukoo mmoja na mti wa kahawa. Vibarua wa mashambani Thailand wameyatafuna vizazi na vizazi ili wahimili kazi za juani. Serikali yao iliyapiga marufuku 1943, ikayaruhusu 2021. Marekani walitangaza kuyafungia 2016, watu wakapiga kelele, wakarudi nyuma.

Msimamo wangu: jani liachwe, kilichokolezwa kidhibitiwe. Kiambata chake kikuu, mitrajinini, hushika vipokezi vilevile vya ubongo vinavyoshikwa na mofini, ile dawa kali ya maumivu. Ini hugeuza sehemu yake kuwa 7-hidroksimitrajinini, kali zaidi, ambayo kwenye jani lenyewe imo kidogo mno. Sasa kuna wanaoitengeneza hiyo peke yake, wanaikandamiza kwenye kidonge, halafu wanaiuza kwa jina lilelile la kratom. Julai 2025 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilipendekeza idhibitiwe, jani ikaliacha. Hapo nipo nao.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, hilo jani unalolitetea lina arosto yake. Mtumiaji wa kila siku akilikosa: kamasi zinamtoka, misuli inauma, usingizi hauji, hasira za bure. Wapo watoto wachanga waliozaliwa na arosto kwa sababu mama alitumia akiwa mjamzito. Wengine ini limeumia, macho njano, mkojo kama chai ya rangi. Na 2018 salmonela, bakteria wa kuharisha, iliyotoka kwenye kratom iliwaugulisha watu 199 kule kule Marekani. “Ni mitishamba” siyo cheti cha usalama.

Mchangiaji wa pili: Na waliotumia kratom kujinasua na heroini? Ukifunga ghafla wengine watarudi kwenye sindano. Hata vifo vinavyotajwa, vingi mwilini mlikuwa na fentanili, dawa ya kulevya kali kuliko heroini, au kitu kingine juu yake.

Mleta mada: Salmonela ni uchafu wa utengenezaji, inadai ukaguzi, siyo marufuku. La ini nakubali, tena liandikwe kwenye pakiti kwa herufi kubwa. Ila ndugu wa pili, “kitu kingine juu yake” ndiyo hatari yenyewe: kratom huzuia kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa nyingi, zinarundikana mwilini. Changanya na vidonge vya usingizi au pombe, pumzi inaweza kukata. Anayeacha heroini ana methadoni na buprenofini, dawa za kutibu uraibu huo, dozi inapimwa na mtu anayemfuatilia.

Mchangiaji wa kwanza: Haya, pakiti iandikwe miligramu. Nani atapima kama ni kweli?