Urafiki na nzi wa bandia: kati ya vitabu hivi, kipi cha kujifunzia?

Kalamu_Kiganjo
Wakuu, habari za jioni. Nina hadithi ndefu ninayoiandika tangu mwaka jana. Marafiki wawili, mmoja fundi wa umeme Karatina, mwingine mwalimu, kwa miaka ishirini wamekuwa wakikutana mto Sagana kuvua samaki aina ya trauti kwa nzi wa bandia. Sasa mmoja anaumwa na hajamwambia mwenzake. Sitaki wakae chini waambiane kila kitu kama watu walio kwenye kikao. Nataka mto uyabebe hayo.

Kwa wasioujua uvuvi huu: ndoana hufungwa manyoya na nyuzi mpaka ifanane na mdudu aliyeangukia maji, trauti akapanda kumdaka. Hakuna minyoo, hakuna chubwi, ile risasi ya kuzamishia ndoana. Na trauti si samaki wa asili kwetu. Mlowezi Mwingereza, Ewart Grogan, ndiye aliyewaleta wale wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, mwaka 1905, wakaachiwa mto Gura kule Aberdare.

Nimesoma vitabu vitatu na nataka kimoja nikae nacho mezani kama mwalimu wangu. Cha kwanza ni A River Runs Through It cha Norman Maclean, cha mwaka 1976, mto Blackfoot, Montana. Cha pili ni The Sun Also Rises cha Hemingway, cha 1926, zile sura za Burguete na mto Irati kule Hispania. Cha tatu ni Salmon Fishing in the Yemen cha Paul Torday, cha 2007. Mimi navutwa na Maclean, lakini kuna kitu kinanizuia na sijakipatia jina. Mnasemaje?

Mlinda_Mto
Mimi nawaongoza wageni kuvua mto Naro Moru na mara nyingine Burguret, kwa hiyo nitaanza na mto, vitabu baadaye.

Nzi wa bandia hana uzito. Unachokirusha ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito, na huo ndio unaombeba nzi. Ili urushe mbele lazima kwanza uurushe nyuma, ukanyooke wote hewani, ndipo uurudishe. Maana yake watu wawili hawawezi kusimama bega kwa bega. Mmoja atamtia mwenzake ndoana sikioni. Tena trauti hukaa kichwa kikielekea maji yanakotoka, hivyo mvuvi humjia kwa nyuma, anapanda mto polepole. Marafiki wakivua pamoja hupokezana: wewe unavua dimbwi hili, mimi nakuzunguka kwa mbali nipitie porini niende dimbwi la juu, kisha wewe unanipita. Wanaweza kushinda siku nzima pamoja wakazungumza dakika kumi.

Kwa hiyo mwandishi, ukitaka kujua nani anampenda nani, angalia nani anamwachia mwenzake dimbwi zuri.

Bi_Msomaji
Hapo Mlinda_Mto amegusa penyewe, na ndiyo sababu nasema Hemingway.

Maclean ni bingwa wa sentensi, sikatai. Baba yule mchungaji wa Presbiteri anawafundisha wanawe kurusha mshipi kwa kuhesabu hadi nne, na kipimamwendo cha muziki kikigonga pembeni. Lakini Norman na Paul ni ndugu wa tumbo moja. Damu inawafunga hata wasipovua. Paul anapozama kwenye pombe na kamari, Norman anahangaika kumsaidia kwa sababu ni mdogo wake. Kalamu, nadhani hicho ndicho kinachokuzuia. Rafiki hana lazima ya kuja mtoni, na marafiki zako wamekuja miaka ishirini.

Sasa tazama Jake na Bill, marafiki wa Hemingway. Asubuhi Jake anaamka kabla ya mwenzake, anachukua sururu, anachimba minyoo kando ya kijito mpaka makopo mawili ya tumbaku yanajaa. Wakiwa kwenye kifungua kinywa Bill anamwambia kwamba anampenda kuliko mtu yeyote duniani, na kwamba New York asingeweza kulitamka hilo. Halafu wanakwenda mtoni na kuachana. Jake anavua kwa minyoo penye bwawa, Bill anashuka chini na nzi zake. Jake anapata sita, wote wa kimo kimoja, anawapasua, anawaosha, anawapanga ndani ya mfuko juu ya matabaka ya kangaga, mmea ule wa penye unyevu. Bill anarudi na wanne, na mdogo wa wote analingana na mkubwa wa Jake. Wanalinganisha samaki, wanatoa mvinyo walioupoza kwenye chemchemi, wanakula. Basi. Lile neno zito limeshasemwa juu ya kahawa ya asubuhi, na mtoni halirudiwi tena. Mkono wa mwandishi aliyezoea kusema machache ndio huo.

Mshipi_wa_Pemba
Assalaam alaykum. Naomba niulize jambo ambalo huenda likaonekana liko nje ya mada, lakini kwangu ndiyo mada yenyewe. Kwa nini lazima wawe mtoni na nzi? Mimi nimekulia Pemba, marehemu baba yangu na sahibu yake walivua mshipi usiku, ndani ya ngalawa. Watu wawili, pima moja kati yao, chubwi iko chini, kidole kimeshika mshipi kinasikiliza. Usiku mzima hakuna pa kwenda. Ndipo mtu anasema ya moyoni, kwa sababu giza linamfichia uso.

Naona tofauti ni hiyo. Mto unawatenga watu halafu unawakutanisha. Ngalawa inawafungia pamoja. Rafiki anayeficha ugonjwa ndani ya ngalawa hatafika alfajiri na siri yake.

Kalamu_Kiganjo
Waalaykum salaam ndugu yangu. Hukutoka nje ya mada hata kidogo, umenipa jibu ambalo sikujua nalitafuta. Mgonjwa wangu anauchagua mto kwa sababu unamruhusu kunyamaza. Laiti wangekuwa watu wa ngalawa hadithi ingeisha ukurasa wa nne.

Bi_Msomaji, shukrani. Ila Maclean simwachi mara moja. Paul anapouawa, wanakuta mifupa mingi ya mkono wake imevunjika, na baba anauliza ni mkono upi. Wa kulia. Ndio mkono wa kurushia mshipi. Baba hahitaji kuelezwa zaidi, wala msomaji. Nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea. Kitu cha namna hiyo Hemingway hanacho pale Burguete.

Bi_Msomaji
Kweli, hana. Nakubali hapo.

Muscat_Mbali
Mimi niko Muscat mwaka wa tisa sasa, na ninamtetea Torday maana naona mnampita kimyakimya. Dokta Alfred Jones ni mtaalamu wa samaki asiyeamini lolote lisilopimika. Sheikh Muhammad ana fedha, ana shamba Scotland anakovua samoni, na anataka samoni wapande kwenye bonde la Yemen. Mmoja ana elimu, mwingine ana imani, na kinachowaunganisha ni ufito wa kuvulia. Sheikh anaona kwamba kwenye maji, cheo cha mtu hakihesabiwi; yeye na mtumishi wake wa Scotland wanasimama wote wakimngoja samaki yuleyule. Kwa mtu kama mimi ninayeishi kwenye nchi ambako kila mmoja anajua mahali pake, ukurasa huo niliusoma mara mbili.

Pia kitabu kimeandikwa kwa barua, shajara, barua pepe na maandishi mengine ya namna hiyo. Marafiki zako wakiwa na daftari la kuandika samaki waliowapata, unaweza kuupitisha ugonjwa humo. Mwaka huu kaandika samaki wawili, mwandiko umeyumba.

Angalizo: ukiona filamu ya mwaka 2011 usidhani umemaliza kitabu. Kwenye kitabu Sheikh anachukuliwa na maji, kwenye filamu anabaki hai.

Bi_Msomaji
Muscat_Mbali, hilo la daftari ni zuri mno. Lakini kitabu kile kimejaa wanasiasa wa London na vituko vyao; urafiki wenyewe ukiuchuja unapata kurasa chache. Kama mwalimu wa hadithi ya watu wawili mtoni, naona atamchanganya Kalamu.

Derby_Nesi
Naingia nikiwa nimetoka zamu. Kuna cha nne hamjakitaja, na mimi nakaa karibu na mto wake. Izaak Walton, The Compleat Angler, 1653. Ni mazungumzo ya mvuvi na msafiri aliyekutana naye njiani, kwa hiyo ni nusu hadithi nusu mafunzo. Walton hakuwa hodari wa nzi, chambo ndicho alichokijua. Mwaka 1676 rafiki yake Charles Cotton akamwandikia sehemu ya pili ya kitabu, yote kuhusu nzi, kwenye mito ya maji maangavu kama huu Dove wetu.

Walton alizaliwa 1593, Cotton 1630. Miaka 37 kati yao! Mmoja mfanyabiashara wa London mcha Mungu, mwingine bwana wa shamba mwenye madeni na mashairi ya utani. Na Cotton alijenga kijumba cha kuvulia kando ya Dove mwaka 1674, juu ya mlango akachongesha herufi za majina yao wawili zimesukwa pamoja. Bado kipo. Mimi ninapopita bonde lile wakati wa mapumziko nawaza mzee wa miaka themanini na kitu anaonyeshwa mlango huo kwa mara ya kwanza.

Hadithi ya Kalamu nadhani iko hapo: mmoja anajua asichokijua mwenzake, na anampa.

Mlinda_Mto
Derby_Nesi umenikumbusha jambo. Nilikuwa na mzee mmoja niliyekuwa nampeleka mtoni kila Desemba pamoja na rafiki yake. Nzi wao waliwafunga kwa mikono yao wenyewe, aina ya Coachman: mwili wa unyoya wa tausi, bawa jeupe, na shingoni manyoya ya jogoo mwekundu yaliyozungushwa mara tatu au nne. Kazi ya subira. Msimu wa mwisho vidole vya yule mzee vilikuwa vinatetemeka, hakuweza kupitisha mshipi mwembamba kwenye tundu la ndoana. Akajaribu, akajaribu. Rafiki yake alikuwa dimbwi la juu. Akashuka bila kuitwa, akachukua ule ufito, akapitisha, akafunga fundo, akalilowesha kwa mate kama inavyotakiwa lisije likaungua linapokazwa, akakata ncha kwa meno. Akamrudishia. Akapanda tena kwenye dimbwi lake. Hakuna aliyesema neno. Mimi nilikuwa nimeshika mfuko wa samaki.

Kalamu, ukitaka ichukue.

Kalamu_Kiganjo
Mlinda_Mto, nimekaa na simu mkononi muda mrefu kabla ya kuandika hili. Naichukua, na asante.

Basi uamuzi wangu. Hemingway atakaa mezani kwa ajili ya mpangilio: waseme mapema, waachane, wakutane na samaki. Maclean atakaa kando yake kwa ajili ya mkono. Torday nimekopa daftari tu. Walton nimeagiza.

Swali dogo la lugha kabla sijalala. Maclean anaeleza mwendo wa ufito kwa mishale ya saa, kati ya saa kumi na saa mbili za Kizungu. Nikiandika "kati ya saa kumi na saa mbili" msomaji wetu atawaza alasiri na asubuhi.

Mshipi_wa_Pemba
Andika saa nne na saa nane. Mshale uko palepale, sisi tunausoma kivingine tu. Ufito unasimama saa nne mbele, saa nane nyuma, na mchana wa kuvua unapita katikati yake.

Kalamu_Kiganjo
Sikuwa nimeliona hilo! Na je, Sagana kuna kangaga? Nataka awapange samaki juu yake.

Mlinda_Mto
Yapo mengi, hasa ukipanda kuelekea msituni. Chagua majani mapana, uyaloweshe kwanza mtoni.