Nyuzi za gitaa kavu: 10, 11 au 12? Bronzi ipi, na zenye utando zina faida gani?

Tumaini_G
Wakuu, habari zenu. Nina gitaa kavu la nyuzi za chuma, lile la boksi kubwa na mabega mapana. Nyuzi zilizopo zimechoka. Za besi zimebadilika rangi, na hata nikityuni vizuri, kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zikipanda kuanzia freti ya tano, yaani kile kipande cha tano cha chuma shingoni, na kuendelea zinasikika kama zimepinda. Nataka kubadilisha seti nzima.

Kuna tatu nilizozifikiria: 12–53 ya bronzi ya fosfori, 11–52 ya bronzi ya 80/20, na 10–47 yenye utando, ambayo ndiyo ghali kuliko zote. Rafiki yangu anasema niziache zote niweke za nailoni, kwa sababu nalalamika kila siku kuhusu vidole. Napiga zaidi kwa vidole nikiimba, piki, kile kipande kidogo cha kukwangulia nyuzi, naishika mara mojamoja. Naomba mnipe sababu, jina la seti pekee halitanisaidia.

FundiBoksi
Ndugu, tulimalize kwanza la nailoni. Usiweke. Gitaa lako limejengwa kubeba mvuto wa chuma. Seti ya 12–53 ikityuniwa kawaida, kwenye gitaa lenye urefu wa uzi (kutoka mfupa wa juu ya shingo hadi wa daraja) wa inchi 25.4, inavuta kwa jumla karibu kilo 74. Seti ya nailoni ya gitaa la klasiki iko karibu na kilo 40. Uso wa gitaa lako una mbao za ndani zilizopangwa kuhimili ule mvuto mkubwa, kwa hiyo nailoni haitakuwa na nguvu ya kuutikisa vya kutosha. Utapata sauti ndogo, iliyolala. Halafu uzi wa kwanza wa nailoni una unene wa karibu milimita 0.7, wakati wa chuma wa namba 12 ni milimita 0.3 tu. Mfereji wa kwenye mfupa wa juu ya shingo umekatwa kwa ajili ya huo mwembamba.

Ila kinyume chake ndicho kinachoua magitaa, na nasema hivi kwa ajili ya kila anayesoma hapa: chuma kisiwekwe kwenye gitaa la klasiki. Uso unavimba nyuma ya daraja (kile kibao cha usoni nyuzi zinapofungwa), daraja linaanza kubanduka, shingo inapinda, na magitaa mengi ya klasiki hayana ile fimbo ya chuma ndani ya shingo ya kuirudisha. Kama hujui lako ni lipi, tazama daraja. Nyuzi zikifungwa kwa kuzungushwa na kupigwa fundo darajani, hilo ni la nailoni. Zikiingia shimoni na kubanwa kwa pini, ni la chuma.

VidoleLaini
Namuunga mkono Fundi. Sasa kuhusu unene: hizo namba ni elfu za inchi, na seti huitwa kwa uzi wake wa kwanza na wa sita. Lakini dada au kaka Tumaini, usiishie kwenye hizo mbili, soma zote sita mgongoni mwa pakiti. Seti ya kawaida ya 12 huwa hivi: 12, 16, 24, 32, 42, 53. Ya 11 huwa: 11, 15, 22, 32, 42, 52. Umeona? Uzi wa nne na wa tano ni uleule. Wa sita umepungua kidogo sana. Nafuu karibu yote iko kwenye nyuzi tatu nyembamba zenye sauti ya juu, zile ambazo mpigaji wa vidole anazivuta kwa melodi. Besi yako inabaki karibu vilevile.

Ndiyo maana nakushauri 11. Jumla ya mvuto inapungua kwa kilo 5 au 6 hivi, na kidole kinaisikia tofauti hiyo kwenye kodi ya F, ile ya kubana nyuzi zote sita kwa kidole cha shahada. Za 10 ni laini zaidi, ila kwenye boksi kubwa naona zinaliacha gitaa likiwa na njaa. Sauti inakuwa nyembamba, na ukipiga kwa nguvu kidogo nyuzi zinagonga freti.

Mzee_Ridhimu
Heshima kwa wote. Mimi nasimama na 12. Boksi kubwa linataka nguvu ya kulisukuma, na mtu anayeimba anahitaji gitaa linalojaza nafasi chini ya sauti yake. Vidole vinazoea ndani ya wiki chache, ngozi inakomaa, basi. Ukianza na nyuzi laini sana unajifunza kubonyeza ovyo, uzi unapinda chini ya kidole na noti inapanda juu ya mahali pake.

VidoleLaini
Mzee, shikamoo. Hilo la noti kupanda ni kweli kwa 10, nakubali. Kwa 11 sijaliona likiwa tatizo kwa mtu anayebonyeza karibu na freti. Na kuna mtu anayeacha gitaa kabisa kwa sababu ya maumivu, huyo ngozi yake haitapata nafasi ya kukomaa.

Mzee_Ridhimu
Marahaba. Hapo sibishani nawe.

FundiBoksi
Kabla hamjafika mbali: maumivu mengi yanayolaumiwa nyuzi yanatoka kwenye kimo chake. Tumaini, fanya vipimo viwili leo, kabla ya kununua chochote.

Cha kwanza, chukua rula yenye milimita, isimamishe juu ya freti ya 12, upime kutoka kichwa cha freti hadi upande wa chini wa uzi. Wa sita ukiwa karibu milimita 2.4 na wa kwanza karibu 1.8, gitaa liko sawa kwa upigaji wa kawaida. Ukikuta 3 na kuendelea, hata nyuzi za 10 zitakuumiza.

Cha pili ndicho watu wanakisahau. Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, upande wa freti ya pili, kisha chungulia ule uwazi kati ya uzi na freti ya kwanza. Unatakiwa uwe mwembamba sana, kiasi kwamba ukiugonga uzi pale kwa ncha ya kidole unasikia mlio mdogo wa kugusa na jicho halioni nafasi ya maana. Kama kuna mwanya unaoonekana wazi, mifereji ya mfupa wa juu haijachimbwa vya kutosha, na kodi zote za karibu na kichwa zitakuwa ngumu bure. Hiyo ni kazi ya dakika chache kwa fundi mwenye tupa ndogo za saizi sahihi. Usijichimbie mwenyewe kwa msumeno, ukipitiliza uzi utaanza kukereza.

Tumaini_G
Asante sana Fundi. Nimepima. Freti ya 12 nimepata kama 2.5 kwenye uzi wa sita, kule juu mwanya ni mdogo mno, nimeusikia huo mlio. Kwa hiyo gitaa lenyewe halina kosa. Sasa nisaidieni kwenye madini: 80/20 na fosfori zinatofautiana nini hasa?

Mzee_Ridhimu
Hapa ndipo ninapopapenda. 80/20 ni asilimia 80 shaba na 20 zinki. Bronzi ya fosfori ni karibu asilimia 92 shaba na 8 bati, pamoja na fosfori kidogo sana. Kampuni ya nyuzi ya D'Addario ndio walioileta kwenye nyuzi za gitaa mwaka 1974.

Kwa sikio: 80/20 inang'aa. Siku ya kwanza ina ule mlio mkali wa juu, kila noti inajitenga. Ukipiga ridhimu kwa piki inakata vizuri. Lakini mng'ao huo unapotea mapema, hasa kwa mwenye mikono ya jasho. Fosfori inaanza ikiwa na joto zaidi katikati, na inakaa na sauti yake muda mrefu kidogo.

Ila kumbuka jambo moja ambalo pakiti haikwambii kwa herufi kubwa: bronzi imezungushwa kwenye nyuzi nne tu, wa tatu hadi wa sita. Wa kwanza na wa pili ni chuma kitupu kwenye seti zote mbili. Kwa hiyo mtu akikwambia fosfori imeulainisha uzi wake wa kwanza, muulize vizuri anasikiliza nini.

Uchaguzi wenyewe naufanya kwa kulisikiliza gitaa. Lenye besi nzito inayovuma hadi kufunika sauti ya mwimbaji, nalipa 80/20 liamke juu. Lenye sauti kavu, kali, nalipa fosfori. La Tumaini likoje?

Tumaini_G
Ni kali kidogo kwa juu Mzee, hata kwa nyuzi hizi zilizochoka. Besi ipo ila haivumi.

Mzee_Ridhimu
Basi fosfori.

JashoMikononi
Mbona zenye utando zimerukwa? Nizitetee, maana mimi bila hizo nisingekuwa napiga. Mikono yangu ina jasho linaloweza kuua seti ya kawaida kabla sijaizoea.

Kinachoua uzi wa besi ni uchafu, chumvi ya jasho na ngozi inayoingia katikati ya mizunguko ya ile waya ya nje. Uzi unakuwa mzito bila mpangilio, haupigi tena noti yake sawasawa urefu wote. Ndiyo ile hali anayoieleza Tumaini, kodi kupinda huko juu. Elixir, zinazotengenezwa na kampuni ya W. L. Gore, zilikuja mwaka 1997 na wazo la kuufunika uzi mzima kwa utando mwembamba wa polima, ili uchafu usiingie kwenye mizunguko. Siku hizi watengenezaji wengi wana aina yao, wengine wanaipaka waya ya nje kabla ya kuizungusha, na hizo mkononi zinakaribia sana uzi usio na utando.

Faida nyingine: kile kimlio cha kidole kinapoteleza kwenye besi kinapungua sana. Anayejirekodi akiimba atashukuru. Hasara ni kwamba mng'ao wa siku ya kwanza si mkali kama wa uzi mtupu, na utando mnene unateleza mkononi, wengine hawaupendi. Ukichakaa pale piki inapopita utaona vinyuzi vyeupe vikichambuka. Uzi bado unalia, usiogope.

Mzee_Ridhimu
Kwa mwenye jasho jingi, sawa kabisa. Kwa mikono mikavu napendelea nyuzi za kawaida nizibadilishe mapema. Na kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, ukipitishe chini ya nyuzi pia, kwa sababu huko ndiko uchafu unakokaa.

SautiPole
Naongeza moja fupi kwa wenye vidole vinavyouma. Tyuni gitaa zima nusu toni chini, kisha funga kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni, freti ya kwanza. Unarudi kwenye noti zilezile, lakini mvuto umeshuka kwa karibu asilimia 11. Mwanafunzi anapiga muda mrefu zaidi bila kuteseka. Pia kuna seti zenye hariri ndani ya nyuzi za besi, kati ya kiini cha chuma na waya ya nje. Ni laini na tulivu mno, tamu kwa vidole peke yake. Kwa piki usizijaribu, zinazidiwa.

GitaaDogo
Na sisi wenye magitaa mafupi? Nina la urefu wa uzi wa inchi 23.5.

FundiBoksi
Kwako ushauri unageuka. Uzi uleule, noti ileile, ukifupishwa kutoka inchi 25.4 hadi 23.5, mvuto unashuka kwa asilimia 14 hivi. Weka 11 pale na utaona nyuzi zimelegea na zinagonga freti. Watengenezaji wa magitaa Taylor wenyewe wanalitoa gitaa lao fupi la GS Mini kiwandani likiwa na nyuzi za 13. Anza na 12, ukitaka panda 13 baada ya kuona shingo inavyojibu.

SautiPole
Na mwenye pikapu ya sumaku (kifaa cha kupeleka sauti kwenye spika) kwenye tundu la sauti akumbuke kwamba bronzi haishikwi na sumaku. Pikapu inasikia kile kiini cha chuma tu, ndiyo maana uzi wa pili unaweza kutoka kwa sauti kubwa kuliko wa tatu. Pikapu iliyo chini ya mfupa wa daraja haina shida hiyo.

Tumaini_G
Nimeamua. 11–52, bronzi ya fosfori, bila utando, maana mikono yangu ni mikavu. 12 nitazijaribu vidole vikikomaa. Fundi, nikishusha unene kutoka 12 zilizopo, kuna cha kurekebisha?

FundiBoksi
Uamuzi mzuri. Mvuto ukishuka, shingo inaweza kunyooka kupita kiasi na nyuzi kuanza kukereza freti za karibu na kichwa. Weka, tyuni, liache lilale hadi kesho yake, halafu pima tena kimo kwenye freti ya 12. Ukisikia kukereza, fimbo ya shingoni ilegezwe robo ya mzunguko tu, kinyume na mwendo wa saa, kisha sikiliza upya kabla ya kugusa tena.

Wakati wa kufunga, ingiza kile kidonge cha mwisho wa uzi shimoni, weka pini huku mfereji wake ukitazama kichwa cha gitaa, kisha vuta uzi juu huku umeikandamiza pini kwa dole gumba mpaka usikie kidonge kimekaa dhidi ya ubao wa ndani. Kikikaa kwenye ncha ya pini, pini itaruka ukifika katikati ya kutyuni. Acha uzi wa ziada wa kutosha mizunguko miwili hadi mitatu kwenye kigingi, kila mzunguko ukae chini ya uliotangulia. Ukimaliza, vuta kila uzi taratibu kwa kidole kutoka juu ya freti ya 12, tyuni tena, rudia mpaka usishuke.