Dijei, nani kakutuma ukate wimbo kabla ya sebene?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aniambie nipoe. Jumamosi iliyopita hapa Tororo, Uganda, tulimfanyia mama sherehe ya kutimiza miaka 75. Hema, pilau, keki, wageni hadi wa kutoka Busia na Malaba. Dijei tulimtoa Mbale kwa shilingi laki nne, nusu akazishika kabla hajafungua hata spika moja. Wiki mbili kabla nilimpa karatasi. Mama mwenyewe ndiye aliyetaja, mimi nikaandika: "Sina Makosa" ya Les Wanyika, "Shauri Yako" ya Super Mazembe, "Malako" ya Samba Mapangala, "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe, na moja ya Afrigo, bendi ya hapa Uganda, yoyote, majirani wasinune. Nyimbo tano. Usiku wote uliobaki ulikuwa wake, apige anachotaka.

Sasa sikieni.

"Shauri Yako" ikaanza. Mama hakuinuka. Yeye haingii uwanjani mwanzo wa wimbo, hajawahi. Anakaa, anafuatisha maneno kwa midomo bila kutoa sauti, anangoja magitaa yabadilike, yaani sebene. Hata wajukuu wanalijua hilo. Waimbaji wakamaliza yao, mama akashika kiti, akasimama, akakaza mshipi wa gomesi, akapiga hatua ya kwanza, mara pwaaa! Honi, king'ora, na jitu linabweka kwenye maikrofoni likijitaja jina mara nne, ikaingia ngoma nyingine kabisa. Mama akabaki katikati ya hema, mkono mmoja juu. Akarudi kukaa. Akawatabasamia wageni. Lile tabasamu ndilo limeninyima usingizi siku nne sasa.

Zote tano alizifanya hivyo. Nilipomfuata nyuma ya spika akaniambia, "Bosi, hizi za akina jaja, za mabibi, ni ndefu, zinapoza watu." Zinapoza! Amapiano moja inakwenda dakika saba, mbili za mwanzo ni mchakacho mtupu, mbona hizo hamzikati?

Kwa vijana wasiojua ninacholilia: nyimbo hizi hazikutungwa ziwe sawa toka mwanzo hadi mwisho. Kwanza kuna maneno, taratibu, gitaa la solo likijibizana na mwimbaji. Maneno yakiisha, rithimu inakaza, solo linapanda, ngoma zinachangamka, na hapo ndipo lilipo sebene, Watanzania wengine huita chemko. Hapo ndipo watu huinuka. Ukikata kabla ya hapo umemnawisha mgeni mikono, kisha ukaondoka na sahani.

Mzee wetu alikuwa mtu wa reli tangu enzi za East African Railways. Jumuiya ilipovunjika 1977 akabaki relini upande huu wa Uganda. Ndiyo maana nyumbani tunaongea Kiswahili: kwenye zile kota Mluo, Msamia, Mganda na Mkamba wangeelewana kwa lugha gani nyingine? Basi kila aliyekwenda Nairobi aliagizwa santuri. Zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, upande mmoja haubebi zaidi ya dakika nne, tano hivi, kwa hiyo wimbo mrefu ulikuwa unagawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili nyuma. Sebene lilikaa nyuma. Kazi ya kugeuza ilikuwa ya baba. Anainua sindano, anageuza santuri, anapuliza vumbi, anaishusha sindano polepole, na muda wote huo mama amesimama katikati ya sebule anamngoja, mkono mmoja juu. Kuna siku alitoka zamu ya usiku na grisi bado iko kwenye kucha, macho mekundu, lakini sikumbuki hata siku moja aliyoiacha santuri ikaishia upande wa kwanza.

Sasa wewe mwenye kompyuta, usiyegeuza chochote, ambaye kazi yote niliyokulipia ilikuwa kutogusa kitu kwa dakika nane!

Na si huyu peke yake. Mwaka jana nilinunua flashi pale karibu na kituo cha teksi Kampala, shilingi elfu kumi, "nyimbo mia tatu za kale". Hakuna hata mmoja usio na mtu anayepiga kelele juu yake. Nusu nzima zimeandikwa Franco. Franco, yule mpiga gitaa wa Kongo, alikuwa mkubwa, sawa, lakini hakupiga kila gitaa la Afrika! Les Wanyika nao wamegeuzwa Wakongo, wakati ni kundi la Nairobi lililochomoka Simba Wanyika 1978, na wengi wao vijana wa Tanzania. Lile besi la Tom Malanga kwenye "Sina Makosa", ambalo mtu akilisikia sekunde tatu tu ameshaujua wimbo, kwenye flashi yangu kuna jamaa anatangazia juu yake namba yake ya simu.

Redio ndiyo usiseme. Samba Mapangala ni Mkongo kweli, lakini miaka ya sabini alipiga hapahapa Kampala kabla ya kuvuka kwenda Nairobi. Umewahi kumsikia mtangazaji wetu akilisema hilo? Anamkata dakika ya pili liingie tangazo la sabuni. Hata Paul Kafeero hawamwonei huruma. Kadongo kamu, ule muziki wa Kiganda wa gitaa moja, ni hadithi, jamani, "Walumbe Zaaya" ukiikatia njiani ni sawa na kumzuia msimuliaji asimalize. Halafu wanaziita "zilizopendwa". Nani aliwaambia tumeacha kuzipenda?

Jana dijei kanipigia, eti anadai laki mbili zake zilizobaki. Nikamwambia nitamlipa vizuri tu, anijibu swali moja: "Sina Makosa" ina dakika ngapi? Akafikiri kidogo, akasema mbili na nusu. Nikakata simu. Naona hiyo lugha anaielewa.

Mama hajalalamika hata neno, ila jana jioni aliniuliza kama ile mashine ya baba bado iko juu ya kabati. Iko. Santuri kama kumi na tano bado ni nzima, sindano ndiyo imekwisha. Mwenye kujua fundi wa mashine hizi kati ya Tororo, Mbale na Jinja, au duka lenye sindano, aniandikie hapa kabla ya Krismasi. Kugeuza nitageuza mwenyewe.