Jedwali lina vishale vya kupanga, ukibofya unapata uongo. Tutavumilia hadi lini?

Wakuu,

Imetosha. Mfumo wa mauzo, wa mishahara, wa ada za shule, yote inakuja na jedwali lenye vishale vizuri. Mtumiaji anabofya kichwa cha safu ya kiasi akitaka ndogo itangulie, na 1,200,000 inakaa juu ya 95,000! Seva imetuma kiasi kikiwa kimeshatiwa koma na "TSh", basi hayo ni maandishi, na 1 hutangulia 9. Tumeni namba tupu. Kama mnatumia AG Grid (maktaba ya JavaScript ya kutengeneza majedwali), koma na alama ya fedha ni kazi ya valueFormatter, inayogusa kinachoonekana tu.

Tarehe nazo ni aibu. 02/12/2024 inatangulia 15/01/2024 kwa sababu siku imeandikwa mwanzo. Ikiandikwa 2024-12-02 inapangika sawasawa hata ikibaki maandishi. Safu ya miezi mkiiachia alfabeti, mwaka unaanza Agosti, Aprili, Desemba. Pangeni kwa namba ya mwezi, 1 hadi 12.

Halafu kuna wanaoandika comparator (kitendaji kinacholinganisha thamani mbili, a na b, kuamua ipi itangulie) inayorudisha a > b. Hiyo inatoa kweli au si kweli, haitoi hasi kamwe! Inatakiwa hasi, sifuri au chanya. Kwa majina tumieni localeCompare ya JavaScript, inayolinganisha maandishi kwa kanuni za lugha, la sivyo "amina" wa herufi ndogo anaangukia chini ya "Zuhura". Namba za ankara kama INV-9 na INV-10 zinahitaji Intl.Collator (nayo ni ya JavaScript, ya kulinganisha maandishi) yenye numeric: true, ili 9 itangulie 10. Na seli tupu: ukifanya a - b, null (yaani hakuna thamani) inageuka 0, na mtu ambaye hajajaziwa mshahara anaonekana analipwa sifuri. Seli tupu zibaki chini, mpangilio uwe wa kupanda au wa kushuka. AG Grid hugeuza jibu lako mpangilio ukiwa wa kushuka, kwa hiyo someni isDescending, kigezo cha tano cha comparator, na kikiwa kweli mrudishe alama kinyume kwa seli tupu.

Linaloniudhi kuliko yote ni kupanga ukurasa mmoja tu. Madeni yapo 8,000, kivinjari kimepokea 50, mhasibu anabofya "kubwa kwanza" na kupewa kubwa kati ya hayo 50. Anaondoka akiamini amemwona mdaiwa mkubwa kuliko wote! Huo ni upotoshaji wa hesabu za watu. Kama kurasa zinakatwa kwenye seva, kupanga kufanyike huko huko: tuma jina la safu na mwelekeo, rudi ukurasa wa 1, na mwisho wa ORDER BY (sehemu ya SQL, lugha ya hifadhidata, inayopanga mistari) ongeza id, namba ya kipekee ya kila mstari. Bila id, mistari yenye thamani sawa inaweza kujirudia kurasa mbili na mingine isionekane kabisa. Jina la safu lisiunganishwe moja kwa moja kwenye SQL. Lilinganishwe kwanza na orodha ya safu zinazoruhusiwa, maana vigezo vya hoji (nafasi za kupachika thamani kwenye SQL) havibebi majina ya safu.

Kama hamwezi kufanya hivyo kwa safu fulani, wekeni sortable: false mwondoe hicho kishale.