Vikings walikuwa na mieleka kweli?

kocha_wa_ziwani: Wadau habari zenu, niko Kisumu, jioni nafundisha vijana mieleka karibu na ziwa. Juzi mmoja akaniuliza, kocha, wale Vikings, mabaharia wa zamani wa kaskazini mwa Ulaya, walikuwa na mieleka kama sisi ama ni kuvamia watu na mashoka tu? Nikakosa jibu na sipendi kumwambia mtoto kitu ya kubahatisha. Mwenye anajua anisaidie.

msomaji_nax: Walikuwa nayo kocha, inaitwa glíma na Iceland, kisiwa walichohamia, wanaicheza mpaka leo, mashindano yao ya taifa yalianza 1906. Wanashikana mikanda ya ngozi kiunoni na mapajani, zamani walishikana suruali tu. Kenye kilinishika ni vile wanasimama, wima kabisa, hakuna kuinama, miguu inazunguka kama densi, na macho hayaendi chini, unatazama juu ya bega la mwenzako, mwili wako ndio unasikia anataka kwenda wapi. Na ukimwangusha hauruhusiwi kumwangukia.

mtoto_wa_dunga: Kuogelea kwao nako ilikuwa kuzamishana. Zile hadithi za Iceland wanaita saga, ziliandikwa karne ya 13, zinasema kijana wa Iceland anaitwa Kjartan aliingia mtoni huko Trondheim, Norway, akashikana na mtu hamjui, wakazamishana mara tatu, ya mwisho wakakaa chini muda mrefu sana, kutoka nje ndio akajua ni mfalme wa Norway, Olaf Tryggvason, na mfalme akavua joho lake akampa. Olaf huyo huyo wanasema alikuwa anatembea juu ya makasia nje ya meli watu wakiendelea kupiga. Mimi nimekulia Dunga, kasia ikilowa inateleza kama kamongo, hiyo naiheshimu sana. Lakini kocha tafadhali, ya kuzamishana usiwape vijana, hili ziwa limetuchukulia watu.

omwana_wa_khayega: Sisi Kakamega tunapiganisha mafahali na ngoma ya isukuti inalia, wao walipiganisha farasi dume, wenyewe wako nyuma na fimbo wanawachochea, na mara nyingi vita ilihamia kwa wenye farasi. Halafu kulikuwa na knattleikr, mpira wa kupigwa na gongo, hata juu ya barafu. Na huyo kijana hajakosea kuuliza shoka, saga inasema mtoto wa Iceland anaitwa Egil akiwa na miaka 7 alizidiwa kwa huo mchezo na mvulana mkubwa kwake, akaenda akarudi na shoka akamuua.

kocha_wa_ziwani: Eish, miaka 7! Asanteni sana ndugu zangu. Kesho naanza na hiyo ya bega, kuna kijana wangu ako na nguvu kweli lakini anaangushwa kila siku juu anaangalia miguu.